Nati Iliyokubali Kuingia

 

Wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa ukali kidogo, kwa nini ile Jumapili ya safari ya Kerio vijana wa kwaya walifika saa kumi na moja alfajiri na sare zao zimepigwa pasi, halafu mchungaji akawaambia Land Rover haiendi popote. Mmoja aliandika kwenye grupu kwamba pasta amepungukiwa na imani. Sijakasirika. Lakini kuna jambo sikuwaambia asubuhi ile, na leo nataka kuliweka wazi. Sitahubiri. Na itakuwa ndefu, kwa hivyo kama unasoma ukiwa kwenye matatu, weka simu mfukoni mpaka ufike nyumbani.

Gari lile ni la marehemu baba yangu. Ni Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, injini ya petroli, breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Baba alibebea maziwa na mahindi hapa Uasin Gishu mpaka alipolala mwaka wa 2019, na ndugu zangu wakakubaliana nilichukue mimi kwa sababu ndimi ninayezunguka matawi. Nililipenda sana. Nililiogopa pia, na nitawaambia kwa nini.

Land Rover nyingi za umri ule zina njia moja tu ya breki. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanatoka kwenye masta silinda kwa mlango mmoja, yanapita paipu moja, kisha yanagawanyika kwenda magurudumu yote. Paipu ikipasuka mahali popote, hata kule nyuma kabisa chini ya tela la mwili wa gari, pedali inashuka hadi sakafuni na huna breki hata ya gurudumu moja. Unabaki na breki ya mkono, ambayo kwenye gari hilo haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia. Ni nzuri kwa kuegesha. Ukiivuta gari likiwa mbioni, utajuta.

Sasa fikirini barabara yetu. Mtu anayetoka Iten yuko juu, mita kama 2,400. Anashuka Tambach, kona baada ya kona, anapita Biretwo, mpaka daraja la Chebloch ambapo Mto Kerio unapita kwenye mwamba na wale vijana wanaruka majini watalii wakipiga picha. Ni zaidi ya mita elfu moja za kushuka. Kwa mteremko ule breki zinapata moto hadi unazisikia harufu. Mimi nimeshuka pale na akina mama kumi nyuma wakiimba, na mimi mbele naimba pia, lakini mguu wangu ulikuwa unasikiliza pedali tu.

Kwa hivyo mwaka jana niliamua kulibadilisha liwe na njia mbili. Nilipata masta silinda ya njia mbili pamoja na busta yake, imetoka kwenye Land Rover ya kizazi kilichofuata. Wazo lake ni rahisi. Ndani ya silinda moja kuna pistoni mbili zimefuatana, na kila moja ina mlango wake na chumba chake cha mafuta. Mlango mmoja unalisha magurudumu ya mbele, mwingine ya nyuma. Upande mmoja ukivuja, pedali itashuka sana na itakutia hofu, lakini upande wa pili bado unashika. Busta yenyewe hainyonyi nguvu kutoka mahali pa ajabu, inatumia ule mvuto wa hewa wa injini ya petroli. Kufunga hivyo vyote kulihitaji kubadilisha kisanduku cha pedali na kutoboa mashimo machache, na hapo sitawachosha.

Kazi yenyewe ni paipu.

Wengi hudhani paipu ya breki ni kitu cha kuunganisha tu, kama paipu ya maji ya nyumbani. Tangi la maji likiwa mita kumi juu ya ardhi linakupa msukumo wa bar moja pale kwenye mfereji. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ndani ya ile paipu nyembamba ya inchi 3/16 kunaweza kuwa na bar 70 na zaidi. Ili upate msukumo huo kwa tangi, ungelipandisha mita mia saba. Jengo la KICC lina mita 105. Panga saba, moja juu ya lingine, uweke tangi huko juu. Ndiyo maana kijana wa dukani aliponiambia nichukue paipu ya shaba ya friji kwa sababu ni rahisi kukunja, nilimshukuru nikaondoka. Shaba tupu huchoka kwa mtetemo, na siku moja hupasuka bila kukuaga. Nilinunua ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Inakunjika karibu vilevile, haishiki kutu, na viwanda kama Volvo vimeitumia kwenye magari yao kwa miaka mingi.

Ukikata paipu usitumie msumeno wa chuma, tumia kikata paipu, halafu ukwangue mdomo wa ndani. Kisha unautia kwenye kibano na kuupanua mara mbili: kwanza unauvimbisha, halafu unaukunja kuingia ndani, mpaka unakuwa mdomo wa tabaka mbili kama tarumbeta ndogo. Huo mdomo ndio unaozuia mafuta. Nati haizuii mafuta, nati kazi yake ni kuusukuma ule mdomo ukae kwenye kiti chake na kuushikilia hapo. Na kabla ya kupanua mdomo, hakikisha nati imeshaingia kwenye paipu. Nilisahau mara mbili. Ukisahau, unakata mdomo mzuri uliotengeneza kwa nusu saa na unaanza tena, na mke wako anauliza kutoka jikoni mbona umenyamaza.

Nilipitisha laini ya nyuma ndani ya fremu, mbali na bomba la moshi, mahali mawe ya barabarani hayafiki, nikaibana kwa klipu kila baada ya urefu wa shibiri moja na kidogo. Karibu na masta silinda nilizungusha paipu mizunguko miwili kama springi, ili mtetemo wa injini usiumize maungio. Nilizungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia nikiangalia zile paipu za mpira zisiguse tairi. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimerudi ujana wangu, kwa sababu kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa kijana wa spana, baadhi yenu mnajua.

Sasa sikilizeni habari ya nati.

Gari la baba ni la Waingereza wa zamani, thredi zake ni za inchi. Masta silinda mpya ni ya milimita. Nati ndogo ya inchi kwenye paipu kama hiyo ina upana wa inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5 na kidogo, na ina meno 24 kwa kila inchi. Ya milimita ina upana wa 10, na kutoka jino hadi jino ni milimita moja kamili. Ile ya inchi, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.06. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zikiwa mkononi zote ni nati tu. Kwa hivyo paipu moja, ile ya kwenda mbele, ilipaswa kuwa na nati ya milimita upande wa masta silinda, na nati ya inchi upande wa kiungio cha zamani cha njia tatu. Paipu moja, nati za makabila mawili.

Ukijaribu kuingiza nati ya milimita kwenye tundu la inchi, inakataa. Inakwama mapema, unajua umekosea. Shida ni kinyume chake. Nati ya inchi kwenye tundu la milimita inakubali. Inaingia kwa vidole, kirahisi kuliko kawaida, inacheza kidogo, kisha ukitia spana inakaza kama nati ya kweli. Lakini imeshikwa na ncha za meno tu. Itashikilia leo, na kesho, na siku ukikanyaga kwa nguvu zako zote pale Tambach inaweza kuchomoka na paipu yake.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Nilikuwa nimebakiza laini hiyo moja. Nilichukua nati kutoka kwenye karatasi, nikaipachika, ikaingia kirahisi kuliko zile nyingine. Nikahisi ikicheza. Wapendwa, nilihisi. Vidole vyangu vilijua. Lakini giza lilikuwa linaingia, kwaya ilikuwa inaondoka alfajiri, nami nilikuwa nimewatangazia madhabahuni kwamba gari liko tayari. Nikatia spana, nikakaza.

Yupo mzee mmoja wa kanisa letu, fundi aliyestaafu, mnamjua anayekaa kiti cha pembeni karibu na dirisha. Alikuwa ameketi kwenye stuli uani kwangu tangu saa tisa, hagusi kitu, anaangalia tu. Akaniuliza, "Pasta, hizo nati umezilinganisha zote?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee."

Nilikuwa nimezilinganisha zote isipokuwa hiyo moja. Yeye akatikisa kichwa, akasema sawa.

Tukatoa hewa. Mke wangu alikaa kwenye pedali, mimi chini na chupa na mpira mwembamba, tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi. Kanyaga, shikilia, nafungua, nafunga, achilia. Mpaka mapovu yakaisha. Pedali ikawa juu na ngumu, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa siku za baba. Nikamwambia mama akanyage kwa nguvu zake zote, ahesabu hadi sitini. Nikapangusa kila kiungio kwa tishu. Zote kavu. Hata ile. Mzee akaniombea, akaenda nyumbani.

Saa tano usiku nilikuwa macho, na si kwa sababu nilikuwa nikiomba. Lile neno "Ndiyo, Mzee" lilikuwa limenikumbusha neno lingine nililowahi kusema, mwaka wa 2001.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, kwenye gereji moja Eldoret. Alikuja mfanyabiashara wa mahindi na pikapu yake ya Peugeot. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linavuja mafuta ya breki, silinda yake ya ndani imekwisha. Spea haikuwepo mjini siku hiyo na yeye alikuwa na haraka. Mwenye gereji akaniita pembeni akaniambia, ziba. Mafundi mnaosoma hapa mnajua kuziba. Nilifungua nati ya paipu ya gurudumu lile, nikatia ndani kijipira cha chuma kutoka kwenye beringi iliyochakaa, nikafunga tena. Mafuta hayapiti, hayavuji, pedali inapanda, mteja anafurahi. Gari linabaki na breki tatu. La mbele kulia linashika, la mbele kushoto halishiki, kwa hivyo ukikanyaga kwa nguvu gari linavutwa kulia, yaani linaelekea kule magari ya mbele yako yanakotoka.

Mzee yule aliniuliza mimi, si bosi, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka chini ya gari. "Kijana, iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, Mzee."

Wiki tatu baadaye pikapu ilirudi ikivutwa. Ilikuwa imekata barabara kwenye mvua ikaingia mtaro wa upande wa pili. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa kijana wake, rika langu. Alivunjika mkono. Mzee alisema vijana hawasikii, wanaendesha kasi kwenye matope. Bosi akatikisa kichwa pamoja naye. Tulifungua gurudumu, tukatoa kile kijipira kimya kimya, tukaweka silinda mpya, tukamtoza. Na mzee, kwa sababu tulimaliza haraka, alituachia debe la mahindi. Nililibeba nusu nyumbani. Mama yangu aliyapika.

Sijawahi kumwambia mtu. Nimetubu mbele za Mungu, ndiyo, mara nyingi. Lakini yule mzee hakuwepo nilipokuwa nikitubu.

Basi usiku ule nilitoka na tochi. Nilifungua nati. Meno yake yalikuwa na unga wa chuma unaong'aa, na meno ya tundu la masta silinda yalikuwa yamelainika kama fizi. Masta silinda ile haikufaa tena. Bei ya nyingine ilikuwa karibu na karo ya muhula ya mtoto wangu wa pili. Niliketi pale chini, mafuta ya breki yananidondokea kwenye kiatu, na hayo mafuta yanakula rangi ya gari, sembuse ngozi ya kiatu.

Ndiyo maana asubuhi niliwaambia haiendi. Kuna kijana alisema, "Pasta, tuombee gari twende, Mungu ni mkubwa." Nilimwambia tutaomba na hatutaenda. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Mlikodisha matatu mbili kwa pesa za vipaza sauti, na najua bado mnauliza kuhusu vipaza sauti. Vitanunuliwa. Nimeshaanza kuchanga mimi mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa yule fundi wetu wa dirishani. Nikamwambia, "Mzee, Jumamosi nilikudanganya." Akasema, "Najua. Niliona mkono wako ulivyosita." Nikamuuliza mbona aliacha. Akasema aliacha kwa sababu safari ilikuwa alfajiri, na kama ningefika alfajiri bila kuifungua, angekuja kulala mbele ya tairi. Sijui kama alikuwa anatania. Yeye ndiye aliyeniazima kipima thredi, kile chenye majani membamba kama kisu cha mfukoni, na sasa kila nati ninailinganisha, ya inchi nimeitia rangi nyekundu, ya milimita nimeiacha ilivyo. Nilipata masta silinda nyingine baada ya miezi miwili. Nimeshuka Tambach mara nne tangu hapo, mara ya kwanza nikiwa na yeye peke yake, bila abiria. Tulisimama kila baada ya kilomita chache kupangusa maungio kwa tishu.

Lakini kuna safari nyingine, na hiyo ndiyo sikuwaambia.

Nilikuwa namkumbuka mzee wa mahindi kwa jina na kwa soko lake, upande wa Moi's Bridge. Niliuliza. Yupo hai, amepita miaka themanini. Nilikwenda na ile Land Rover. Alinikaribisha kama wazee wanavyomkaribisha mchungaji, kwa heshima kubwa kuniliko, akaita chai. Nikamwambia, "Baba, kabla sijanywa chai yako, nina neno." Nikamweleza yote: gereji, kijipira, silinda tuliyomtoza, debe la mahindi.

Alikaa muda mrefu. Halafu akauliza, "Gurudumu gani?"

"La mbele kushoto."

"Liliivuta gari kulia," akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Aliniambia. Siku ile hospitalini aliniambia, Baba, nilikanyaga breki gari likanivuta kulia. Nikamwambia ni mwongo. Nikamnyang'anya funguo. Akaenda Mombasa, akatafuta kazi bandarini. Anakuja Krismasi, anakaa siku mbili. Hajashika tena usukani wa gari langu."

Sikuwa na la kusema. Chuo cha Biblia hakikunifundisha la kusema pale.

Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu ndogo ya vibonye, akaisogeza mbali na macho ili aone namba. Nilisimama nimwache aongee na mtoto wake, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Utamwambia wewe," akasema.

Ikalia mpaka ikakatika. Akabonyeza tena. Mara ya pili ikapokelewa.